Gia ya Tatu Mpaka Uyole

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi wa kwetu Iringa mliojibana kule mlangoni, kamwene! Mimi ni Mama Tumaini, yule wa mashine ya kukoboa mpunga hapa Ubaruku. Mchungaji amenipa dakika chache, na mnanijua, sijawahi kutosheka na dakika chache.

Najua baadhi yenu mmekuja mkitarajia niseme kwamba lile gari nimeliuza. Mlifunga na kuomba kwa ajili yangu, nawashukuru. Sijaliuza. Kaeni vizuri mnisikilize.

Baba yangu alikuwa fundi magari Iringa. Nikiwa mdogo alikuwa akinichukua kwenda kwenye shamba moja la chai kule Mufindi, ambako Mzungu mwenye shamba alikuwa na gari dogo la Kiingereza, gari la mashindano, jekundu, la chini hata mbuzi angeliruka. Lina viti viwili tu. Baba alinieleza habari za turbo tukiwa tumeinama juu ya injini: kazi yake ni kuisukumia injini hewa, kama mivukuto ya mhunzi inavyosukumia moto. Ukienda polepole turbo inalala. Ukikanyaga mafuta inaamka, inapiga mluzi, na kitu kinakusukuma mgongoni. Huku kwetu milimani magari mengine yanahema, hilo halihemi. Nikalipenda, ndugu zangu, nikiwa bado sifikii pedeli!

Mzungu akaondoka, gari likabaki bandani chini ya turubai. Mashine yangu ilipoanza kunipa fedha nikasikia linauzwa, na kuna mtu anataka kuling'oa injini na lililobaki alitupe. Nikamuwahi. Bei siitaji mbele ya madhabahu. Baba akaja na vyombo vyake, tukalifufua, na tangu hapo likanifundisha subira kuliko kitu chochote. Siku moja linawaka, siku mbili limenuna.

Nyumbani kwa mume wangu halikupokelewa. Mnajua nimeolewa kwa Wanyakyusa. Baba mkwe, aliyehamia huku Usangu kulima mpunga, alituma ujumbe kupitia kwa mama mkwe: gari gani hili la kukaa watu wawili? Mwenye ukoo ananunua gari la kubeba ukoo. Sikumjibu, kwa sababu sikuwa na njia ya kumjibu. Kwa mila yao ya zamani, mwanamke hamwangalii baba mkwe wake usoni, hasemi naye, hataji jina lake, na akimwona njiani anachepuka. Wengi wameacha. Mzee huyu hakuacha, na mimi nikamheshimu. Miaka yote ya ndoa yangu nilimjua kwa kikohozi chake na kwa viatu vyake.

Sasa, ndugu zangu, ikaja asubuhi ile ya mavuno. Mume wangu alikuwa Tunduma. Kila kenta ya hapa ilikuwa mashambani inabeba mpunga. Nikasikia kelele, vibarua wanakuja mbio wamembeba baba mkwe. Swila amemuuma mguu pale kwenye mabua.

Tulimkimbiza kituo cha afya. Muuguzi akamfunga mguu vizuri, akamtundikia dripu, lakini dawa yenyewe ya sumu akasema iko Mbeya mjini, na gari la wagonjwa lilikuwa limetoka na mjamzito. Akanivuta pembeni akaniambia sumu ya nyoka huyu inalegeza mwili. Kope zitaanguka, kisha shingo, kisha pumzi. Akasema, "Kichwa kisianguke mbele. Kikianguka, hewa inafungwa. Mshike kidevu."

Gari lililokuwepo ni langu. Na wa kuliendesha ni mimi.

Mzee bado alikuwa na ulimi. Alikataa. Alisema na mkewe kwa Kinyakyusa, na nilielewa kila neno: hawezi kukaa bega kwa bega na mkwewe, heri afe na heshima yake. Nilisimama nimewapa mgongo, nataka kupiga kelele kwamba heshima haihemi! Sikupiga. Mama mkwe, Mungu ambariki mama huyu, alifungua kitenge alichojitanda, akafunga ncha moja kwenye kioo cha kati na nyingine akaishindilia nyuma ya viti. Likawa pazia katikati ya gari. Akamwambia mumewe, "Haya. Hakuoni." Akaniambia mimi, "Usifungue."

Nikageuza ufunguo. Kimya. Nikageuza tena. Ndugu zangu, nililiombea gari lile kama mtu anavyomwombea mtoto! Likakohoa, likawaka.

Kutoka hapa, kupitia Rujewa, mpaka lami kubwa pale Igawa niliendesha kwa masikio. Upande wangu wa kushoto ni kitenge tu, sioni kioo cha pembeni, simwoni mgonjwa. Na siruhusiwi kusema naye. Nikavunja hilo kwanza. Nilisema nikitazama mbele, kwa sauti ya mtu anayesema peke yake, kwamba anayenisikia agonge mlango, ili nijue yupo. Kisha nikasikia: ko, ko.

Nikakanyaga mafuta. Tukapita Chimala, tukapita Igurusi, malori ya kwenda mpakani yamejipanga, nami nikichomoza pua kulia, nikipita, nikirudi. Kila baada ya kitambo, ko, ko. Nilikuwa naimba pambio ili nisikisikie kile ninachokiogopa. Mlio wa mlango ukawa mdogo. Ukawa mmoja. Pale mlima wa Inyala unapoanza, haukuja tena.

Nikaita. "Baba!" Ndiyo, nilimwita. Hakugonga.

Ndugu zangu, pale nilikuwa na amri ya mama mkwe, na mila ya watu niliozaa nao, na mtu anayekata roho nyuma ya kitambaa. Nikamwambia Yesu, kama nakosea nihukumu mimi, usimhukumu yeye. Nikaling'oa lile pazia.

Ndipo nikauona uso wake kwa mara ya kwanza. Kichwa kimeanguka kifuani, midomo imebadilika rangi. Nikaingiza mkono wa kushoto chini ya kidevu nikamwinua. Nikasikia hewa inaingia kwa kukwaruza. Ilikuwa inaingia!

Lakini mkono wa kushoto ndio wa gia. Hesabuni wenyewe: usukani, gia, kidevu. Kazi tatu, mikono miwili. Nikiuondoa mkono, pumzi inaziba. Nikisimama, dawa iko mbali. Nilikuwa gia ya tatu. Nikakumbuka injini ya baba, nikajua kwamba gia ya tatu inaupanda mlima ule wote, mradi turbo isilale. Isilale maana yake nisipunguze mwendo. Na mbele yangu palikuwa na lori limebeba mbolea, linapanda kama konokono, na kona hii hapa, na sioni kinachoshuka.

Nilipiga kelele, "Bwana, nifungulie!" Sikuwa na maneno mengine.

Dereva yule simjui mpaka leo. Sijui aliona nini kwenye kioo chake. Aliwasha taa ya kushoto, ile yao ya kusema pita, mbele ni salama, na akasogea mpaka magurudumu yakala vumbi. Nikapita bila kugusa gia, turbo inalia mluzi, kidevu cha baba mkwe kiko kiganjani mwangu, jasho lake na langu. Wa pili akasogea. Wa tatu akasogea. Mlima wote ukafunguka!

Uyole, pale unapoingia Mbeya mjini, pana watu, pana viazi barabarani, na askari wa usalama barabarani akaninyooshea mkono nisimame. Nilipunguza mwendo, klachi inanuka. Akainama dirishani akiwa na hasira yake, akauona mkono wangu. Alikwenda katikati ya barabara akasimamisha magari ya pande zote. Nikaondoka kwa gia ileile ya tatu, na klachi ikaungua kabisa pale getini hospitali. Gari likafia hapo. Manesi wakamchukua, wakamwekea mashine ya kupumua, wakamchoma dawa. Nilikaa chini kwenye kokoto nikalia, nikaogopa. Niliogopa akifa. Niliogopa pia akipona, maana nilikuwa nimemtazama.

Alipona! Mtukuzeni Mungu, alipona!

Siku ya kutoka, mume wangu alikuja na gari la kukodi, kubwa, lenye siti za nyuma na nafasi ya ukoo mzima. Langu lilikuwa limetengenezwa, nimeliegesha mbali kidogo, nami nimesimama nimeinamisha macho kama nilivyozoea. Nikaona viatu vyake vinatoka mlangoni na fimbo. Vikalipita gari kubwa. Vikaja mpaka kwangu. Akafungua mlango wa kushoto mwenyewe, akajikunja akaingia kwa shida.

"Mwanangu," alisema, "twende. Leo hatuna haraka."

Ametoa ruhusa niwasimulie. Na wewe uliye hapa, ambaye mikono yako imejaa na bado kuna kitu kimoja huwezi kukishika, kikabidhi kwa Yesu leo. Usingoje upungukiwe mkono ndipo umwite. Mimi nilimwita nikiwa mlimani, akaitika. Sifa zote zimrudie yeye. Amina, na amina tena!