Leseni Iliyokufa ya Mzee Mshamu

Benchi letu liko Kibiti, pale mabasi ya Lindi yanaposimama abiria wachimbe dawa. Mwaka ule kila kitu kilikuwa ruksa: mitumba ruksa, vyama ruksa, hata Mfaume, kwa kulipenda neno lenyewe, tukampachika jina la Ruksa. Mwenzake Ashrafu tunamwita Taarifa, maana mtu hajamaliza kusema, yeye keshanyanyua mkono, “taarifa!” Asubuhi moja Mzee Mshamu, ambaye ujanani alikuwa mtu wa simu ya upepo bandarini, akigonga herufi kwenda melini, alikuwa amerudi jana yake kutoka Dar. Alikaa kwenye benchi amenuna.

— Leseni yangu ya redio imekufa, akasema. Niliiacha ikaisha nilipokuwa namuuguza marehemu mke wangu Johari. Sasa wanataka nifanye mtihani upya.

— Leseni ya redio? Ruksa akacheka. Mzee, hiyo ilikwenda na leseni ya baiskeli! Siku hizi ruksa, washa usikilize taarabu.

— Hiyo ni ya kusikiliza. Yangu ya kurusha. Ni simu ya upepo ileile, ila unaifanya nyumbani kwako, kwa starehe yako. Unazungumza na watu usiowajua.

— Taarifa! Usiowajua? Mzee, hao majini. Neno lenyewe si linasema? Upepo! Ndiyo maana serikali inataka leseni. Ukipiga ovyo unamwita kinyamkera mzima, anaezua mapaa mpaka Ruaruke.

— Acha fiksi, Taarifa. Huo mchezo wa magendo. Mzee anataka kuwatonya wakata mikoko wa delta, wapakie boriti zao kabla maofisa hawajafika.

— Majini hawanunui boriti!

— Hawanunui? Nyumba zao unadhani wanajengea nini?

Mimi walinichosha. Mzee wa watu ana lake moyoni, wao wanawajengea majini nyumba. Nikamuuliza:

— Mzee, kwani unamtafuta nani huko hewani?

— Nina rafiki yangu kisiwani Ngazija. Hatujaonana hata siku moja, wala sauti yake siijui. Tulikuwa tunagonga tu, ti-taa-ti, herufi moja moja, kila Ijumaa tukitoka msikitini. Johari alipozidiwa nikazima mtambo. Sikumuaga. Inaniuma, jamani. Mtu anaondoka bila kuaga kama mwizi wa kuku!

— Si ufanye huo mtihani basi, akasema Ruksa, safari hii kwa upole.

— Mtihani naumudu. Shida ni jina. Hewani huitwi Mshamu, unaitwa kwa herufi wanazokupa wao. Na zangu keshapewa mtu mwingine. Nikirudi, narudi na herufi mpya.

Alikuwapo binti mmoja amesimama kando yetu, Rukaiya, abiria wa Nyamwage. Alishuka kumtafutia baba yake kahawa, akakuta muuzaji hajafika, mazungumzo yakamnogea.

— Shikamoo babu.

— Marahaba, mwanangu.

— Samahani, babu. Sasa huyo rafiki yako atajuaje kama ni wewe?

Mzee Mshamu aliinamia mikono yake, na mimi nilimwonea huruma kwelikweli, nikatamani yule binti angerudi zake kwenye basi.

Ng'ambo ya barabara, nyuma ya migongo yetu, vikombe vya muuza kahawa vikaanza kulia.

— Haya binti, kahawa hiyo, Husseini anakuja, akasema Ruksa bila kugeuka.

— Husseini wapi? Ashrafu naye hakugeuka. Husseini anagonga kwa pupa. Huo mkono wa Twalibu.

Mzee Mshamu peke yake ndiye aliyegeuka. Alikuwa Twalibu, na birika lake, anasubiri lori lipite.

Mzee akamtazama mpaka akavuka, kidole chake kikigonga benchi, ti-taa-ti.

— Basi la kwenda Dar, akauliza, linapita saa ngapi?