Unabana Mkojo kwa Ajili ya Nani?

Ndani ya pantoni ya Busisi, dada mmoja aliyeanza kuuza nguo za mitumba biashara hiyo iliporuhusiwa alimlalamikia mkunga mstaafu aliyeketi naye: mkojo unamchoma tena, mara ya tatu mwaka huu.

“Vidonge nilimeza siku mbili, nikapona, vingine nikaacha.”

“Uliwahurumia wadudu, mwanangu? Na maji unakunywa?”

“Nikinywa, mama, nani atanilindia meza nikienda chooni?”

“Kwa hiyo unabana kutwa nzima kwa ajili ya sketi za watu!” Mkunga alicheka, nami niliyeketi jirani yao nikajifanya natazama ziwa. “Rudi upimwe, safari hii umalize dozi. Kunywa maji, na ukibanwa, nenda.”

“Nyie wa hospitali mnasema tu. Hamjawahi kubana.”

“Nimebana miaka ishirini, tukiwa wauguzi wawili kwa wodi nzima. Unadhani haya nimeyajulia wapi?”

Pantoni ikagusa Busisi. Dada akamshika mama mkono washuke. Kuhusu dozi hakuahidi kitu.