Arvella na Jina la Chaki

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Hii ni redio yenu ya Kaunti ya Pruett, juu ya duka la vyakula vya mifugo, mkabala na mahakama. Leo sianzi na bei ya mahindi. Wala sianzi na hali ya hewa. Hali ya hewa nitaisoma mwisho kabisa, na tukifika huko mtajua kwa nini nimeichelewesha.

Arvella Mabry amefariki. Narudia kwa wanaofungua redio sasa hivi: Arvella Mabry, bibi wa chaki, ametutoka Alhamisi asubuhi, nyumbani kwa binti yake Joleen. Mazishi ni kesho, kanisani Sand Hollow. Akina mama wa kanisa wanaomba anayeleta chakula asilete tena saladi ya viazi. Saladi ya viazi imetosha. Leteni nyama, leteni pai.

Nikigeuza shingo hapa nilipokaa naliona jiwe la mashujaa wetu waliokufa vitani, kwenye nyasi za mahakama. Mnalijua nyote. Mnapaki magari mbele yake mkienda kulipia leseni. Chini kabisa, chini ya jina la mwisho lililochongwa, kuna jina jingine limeandikwa kwa chaki nyeupe. Lonnie Stroud. Lonnie alikuwa mdogo wake Arvella. Jina lake halijawahi kuchongwa. Limeandikwa kwa chaki tu, kila mwaka, na mkono uleule. Na mkono huo kesho tunauzika.

Ngoja niwaanzie mwanzo.

Arvella alizaliwa Stroud, kule Sand Hollow, mpakani kabisa, pale kijito cha Cutler kinapotutenga na Kaunti ya Lasker. Shamba lilikuwa upande wetu. Nyumba ilikuwa upande wetu. Watoto wale walisoma shule yetu, wakabatizwa upande wetu, na Lonnie aliiba matikiti maji ya upande wetu, mzee wangu ni shahidi, maana yalikuwa yake. Alikuwa mtoto wa vituko. Mwaka mmoja alimwingiza ndama ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu, akamfungia huko Ijumaa jioni. Nadhani mnaweza kujijazia wenyewe habari za Jumatatu.

Sasa sikilizeni hili la sanduku la barua, kwa sababu balaa lote lilianzia hapo. Mafuriko yalisomba daraja la barabara yetu. Mleta barua wetu akagoma kuzunguka kote kule kwa ajili ya nyumba moja. Barua zikawa zinakaa posta mpaka mtu azifuate. Arvella alikuwa msichana mkubwa wakati huo, na alikuwa na kijana anayemwandikia. Akamganda baba yake. "Baba, hamisha sanduku. Liweke ng'ambo ya kijito. Mleta barua wa Lasker anapita pale kila siku." Mzee Stroud hakuwa na ubavu mbele ya binti yake. Aling'oa nguzo ya sanduku, akaenda kuichimbia ng'ambo. Tangu siku hiyo anwani ya nyumba ya Stroud ikawa ya Lasker. Nyumba haikusogea hata unyayo. Kilichohama ni sanduku tu.

Halafu Lonnie akaitwa jeshini, akapelekwa Vietnam, na kwenye karatasi zake akaandikwa ni mtu wa Lasker.

Siku habari yake ilipofika ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe. Arvella alikuwa ameajiriwa pale mnadani kuandika uzito wa ng'ombe kwenye ubao mweusi. Alikuwa juu ya ngazi, chaki mkononi, mgongo kwa watu. Dalali alikuwa anapandisha bei mbio mbio kama kawaida yao. Mara dalali akanyamaza katikati ya bei. Arvella akageuka kumtania kwamba amemeza nzi. Akawaona wanajeshi wawili mlangoni, kofia kwapani. Walikuwa wametokea Lasker. Walikuwa wamezunguka mji mzima wa Lasker wakiuliza nyumba ya Stroud, dukani, posta, hadi kwa kinyozi, mpaka Lasker nzima ikajua kabla ya mama mzazi. Sasa walikuwa wamepotea, na walikuja mnadani kuuliza njia.

"Samahanini," mmoja akasema. "Kuna anayejua kwa akina Stroud?"

Watu wote wale wakatazama chini. Hakuna aliyethubutu kuinua mkono. Arvella akashuka ngazi.

"Mimi najua," alisema. "Nitawaonyesha."

Akapanda kwenye gari lao, kiti cha nyuma. Hakuuliza kitu njia nzima, alisema tu kushoto, kulia, punguzeni mwendo hapo kuna shimo. Joleen aliniambia mama yake alikuwa na imani moja tu kwenye lile gari: kwamba asipouliza, hawatasema, na wasiposema, Lonnie bado yu hai. Alipofika uani kwa mama yake akakuta bado ameshika ile chaki. Ilikuwa imegeuka unga kiganjani.

Miaka ikapita. Kaunti ikaamua kuweka jiwe la mashujaa. Aliyekusanya majina ni mzee Hauck, Mungu amrehemu, mtu mwema na mpenda utaratibu. Alifuata anwani. Ukiwa na anwani ya Pruett, umo. Huna, humo. Siku ya kulifunua, mama yake Arvella alivaa gauni lake la kanisani, akaja na maua ya uani kwake kwenye kopo la kahawa. Majina yakasomwa. Yeye amesimama, kopo mikononi, anasikiliza. Yakasomwa mpaka mwisho, bendi ikaanza kupiga.

"Wamemaliza?" mama akauliza.

"Wamemaliza, Mama," Arvella akajibu.

"Labda hawakusikika vizuri. Kuna upepo."

Upepo haukuwepo. Arvella alimshika mkono wakarudi nyumbani na maua yao.

Walikwenda Lasker kuuliza. Lasker wana jiwe lao. Wakaambiwa kwa upole kabisa: mama, huyu kijana hatumjui, hakusoma hapa, hakucheza mpira hapa, huyu ni wenu. Wakarudi Pruett. Pruett ikasema anwani ni ya Lasker. Kijana kafa, na kaunti mbili zinarushiana kama bili ya hoteli.

Na mimi nina donge langu hapa, niacheni nilitoe. Mnaujua ule ubao mkubwa wa barabara kuu: Karibuni Pruett, alikozaliwa Hob Kinnamon, bingwa wa besiboli. Hob Kinnamon alizaliwa hapa kwa sababu treni iliharibika na mama yake akashikwa na uchungu stesheni. Treni ikatengenezwa, mtoto akaondoka na mama yake, hakurudi tena hata kutusalimia. Huyo ana ubao na taa mbili za usiku. Lonnie Stroud, aliyekata majani ya ng'ombe wetu tangu ana miaka minane, hana hata herufi.

Mama yake Arvella alikufa akiuliza habari za jiwe. Mwezi wa Mei uliofuata, Siku ya Kuwakumbuka Mashujaa, Arvella alikuja mwenyewe asubuhi, akapiga magoti kwenye nyasi, akatoa chaki mfukoni, akaandika. Lonnie Stroud. Kwa mwandiko ule wa mnadani, mkubwa, ulionyooka, wa kusomwa na mtu wa safu ya nyuma.

Naibu wa sherifu, askari wa kaunti, akaja na ndoo ya maji.

"Mama Mabry, nimeagizwa nifute."

"Futa tu, mwanangu. Nyumbani nina boksi zima."

Yule kijana akaitazama ndoo, akamtazama bibi. Akasema anaona maji haya yamechafuka, anakwenda kubadilisha. Hajarudi na ile ndoo mpaka leo.

Kilichofuta ni mvua. Kila mwaka mvua ilifuta. Mvua zetu za mwisho wa Mei mnazijua, hazikosi. Anaandika Jumatatu, Jumatano jiwe safi. Mpaka ikawa utani wa wakulima. Mahindi yakianza kujikunja majani utasikia mtu mgahawani: "Arvella, mama, hebu kaandike, tunaungua!" Naye anajibu: "Chongeni, halafu muone kama mtapata mvua tena." Watu wanacheka. Yeye pia anacheka. Joleen anasema akifika nyumbani hacheki.

Mlangoni kwa makamishna wa kaunti alibisha kila mwaka. Na kila mwaka aliyekuwa anamjibu ni kamishna Wendell Hauck, mtoto wa yule mzee aliyekusanya majina. Wendell alisoma na Lonnie. Ule mchezo wa ndama walikuwa wawili, huyu wa pili ni Wendell, haya nimesema.

"Dada Arvella, nikifungua hili, kila mtu atakuja na jina lake."

"Waje. Jiwe si lina nafasi?"

"Baba yangu aliifanya ile kazi kwa moyo wake wote."

"Sijasema baba yako mbaya, Wendell. Nasema amesahau mmoja."

Hapo ndipo Wendell alikuwa anakwama. Kuchonga jina moja ni kukiri kwamba mzee wake alikosea, na mzee wake kalala makaburini hawezi kujitetea. Nami namwelewa, sitaki kusema uongo. Kila mmoja wao alikuwa na maiti wake wa kumlinda.

Mwaka huu Arvella alikuwa mgonjwa hasa. Miguu imevimba, pumzi fupi. Joleen alimwambia, "Mama, mwaka huu niandike mimi." Akakataa. Akaletwa, akawekewa mto kwenye nyasi, akakaa chini kama mtoto. Aliandika polepole. Herufi moja, anapumzika. Herufi nyingine, anapumzika. Wendell Hauck alikuwa ndani ya pikapu yake, pale kwenye maegesho. Akashuka, akaja kumshika bega asianguke. Nililiona hilo kwa macho yangu kwenye dirisha hili.

Ndani ya gari, wakirudi, Arvella alimwambia binti yake neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Joleen ameniruhusu kulisema.

"Mimi ndiye niliyemtoa mdogo wangu kwenye kaunti yake," alisema. "Kwa ajili ya barua za mvulana. Na mvulana mwenyewe hata sikuolewa naye."

"Mama, ni sanduku tu."

"Ndiyo. Na mimi ndiye niliyeomba lihamishwe."

Maisha yake yote, wasikilizaji wapendwa. Sisi tulidhani anadai haki. Kumbe alikuwa anajaribu kumrudisha mdogo wake nyumbani, ng'ambo hii ya kijito, kwa sababu aliamini yeye ndiye aliyempeleka kule. Na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia, mama, si kosa lako. Tungemwambiaje, wakati hatukuwahi kumuuliza? Roho inaniuma. Inaniuma sana.

Halafu mvua haikuja. Mnajua wenyewe mwaka huu ulivyo. Juni hii yote, vumbi. Mahindi yamebaki kimo cha goti, mabwawa ya ng'ombe yamekuwa matope. Na jina likabaki. Kila asubuhi kitandani Arvella alikuwa anauliza:

"Jina lipo?"

"Lipo, Mama."

"Mvua?"

"Bado, Mama."

"Maskini mahindi ya watu," anasema. Kisha anageukia ukutani ili Joleen asimwone anavyotabasamu. Joleen anasema ilikuwa mara ya kwanza kwa mke huyu wa mkulima kufurahia ukame, na alikuwa anaona haya. Alhamisi aliuliza hivyohivyo. Akajibiwa lipo. Hakuuliza la mvua. Ndipo alipokata roho.

Kwa Joleen, kwa wajukuu, kwa ukoo wote wa Stroud na wa Mabry: poleni. Poleni sana. Redio hii inalia pamoja nanyi. Nanyi mnaonisikiliza, jikoni, kwenye trekta, huko kliniki mnakosubiri, leo mkikaa mezani ulizaneni: ni nani amesahauliwa na jiwe letu, na ni nani anayebeba peke yake lawama ambayo sisi tungeweza kumtua kwa neno moja. Msingoje mazishi.

Sasa hali ya hewa.

Mvua kubwa inaingia kutoka magharibi, Kaunti nzima ya Pruett, kuanzia mchana huu. Tumeiomba kanisani. Tumeiomba kwa machozi. Nanyi wenye mahindi furahini, hamna kosa. Tayari naisikia kwenye bati juu yangu.

Kuna mtu pale kwenye jiwe. Ni Wendell Hauck. Ameleta turubai la kufunikia majani makavu, anajaribu kulishika juu ya jiwe kwa mikono yake miwili, na upepo unamnyang'anya. Mzee wa watu ameloa chapachapa. Watu wanatoka benki, wanatoka mgahawani, wamesimama barazani wanamtazama. Wendell, kama redio ya pikapu yako imewashwa: turubai hilo halitoshi, ndugu yangu. Jumatatu makamishna mna kikao. Mwite mchonga mawe.

Ameliachia. Turubai limeruka hadi barabarani. Ameinama, ameweka viganja vyake juu ya jina, kimoja kwenye Lonnie, kingine kwenye Stroud, na maji yanapita katikati ya vidole vyake, meupe.

Nipo hapa bado, wasikilizaji. Nangoja aondoe mikono.

Ameondoa. Jiwe ni safi.