Maji ya Eponji na Mguu wa Djuma

Benchi letu limeegemea duka la Ramazani, nyuma ya soko la Kasongo. Hapo kila asubuhi watu wazima, wenye wake na watoto, wanakunywa kahawa anayouza Mounira na kueleza mambo wasiyoyajua. Siwasengenyi, na mimi nakaa hapo. Wiki ile somo lilikuwa eponji, yaani sifongo, yule mnyama wa baharini. Magloire, muuza mitumba tunayemwita Laboratwari, aliipata kwa mfanyabiashara aliyetoka Dar es Salaam, kisha akasikia redioni nusu ya kipindi kuhusu dude hilo. Nusu ilimtosha. Wakati huohuo Djuma, dereva wa pikipiki, alikuwa amekatwa na bati kwenye unyayo. Badala ya kumpeleka kwa daktari, tulimletea beseni. Siku ya tatu mguu ulikuwa bado ndani ya maji ya eponji, na ulikuwa unanuka.

— Eponji haina meno, haina miguu ya kukimbia, alisema Laboratwari. Samaki ikikuja kuuma, inakuta sumu. Hata mikrobe, vile vidudu vya kidonda, inakufa pale.

— Basi mbona muguu unazidi kuvimba? aliuliza Djuma.

— Sumu inapigana. Ulishaona vita bila kelele?

Ramazani, tunayemwita Avoka, yaani wakili, kwa kuwa hajawahi kukubali kushindwa, alichovya kidole katika yale maji, akalamba. Naapa, alilamba.

— Haina uchungu. Magloire, walikuuzia eponji ya bure.

— Eponji hazifananake! Hiyo nayo walisema ku redio. Aina moja, lakini ya huku iko kali, ya kule iko pole. Inategemea kina ya maji, inategemea na nani anaiumaka.

— Kama muhogo! alidakia Avoka. Kijiti kimoja, ukipanda Lusangi, unakula mubichi. Ukipanda hapa, uchungu mpaka ku masikio.

Kwa mara ya kwanza wiki ile mtu alikuwa amesema jambo la akili. Halikudumu.

— Donc, basi, tuiloweke kama muhogo, aliendelea Avoka. Siku tatu zingine, uchungu wote utatoka.

— Muhogo tunaloweka, maji tunamwaga, alisema Mounira bila kuinua macho. Nyinyi maji ndiyo munatia mu kidonda.

— Mama Mounira, hii ni siansi.

— Ni beseni yangu pia.

Avoka hakumsikia. Alishapata wazo.

— Mi naona hii ilikulia mahali samaki wako wapole. Haikujifunza hasira. Tuifunge mu mto Lualaba wiki moja, kambale waiume, sumu itarudi.

— Kambale ni kidogo, alisema Laboratwari. Tutafute mamba.

Walicheka. Djuma hakucheka.

— Maumivu imepanda mpaka ku goti, alisema. Nikipoteza huu muguu, pikipiki nitaendesha na nini?

— Ni dawa inapanda, alijibu Laboratwari.

Nilimwona Djuma anatetemeka juani. Niliona aibu, nikaomba kahawa nyingine.

Hapo pikipiki iliyojaa vumbi ikasimama mbele yetu. Aliyeshuka ni Mwanvua, dada mkubwa wa Djuma. Habari ya mguu ilikuwa imemfikia hadi huko Kabambare, naye alikuwa njiani tangu alfajiri. Hakumsalimu mtu. Aliutazama mguu, kisha akatazama lile dude linaloelea kando yake.

— Hii ni nini?

Laboratwari alisimama, akakohoa kama mwalimu.

— Yaya, dada mukubwa, hii ni eponji. Mu bahari yote, hakuna kitu inajua kujilinda kama hii. Hakuna mwenye kuigusa.

Mwanvua akaishika, akaikamua. Maji machafu yakarukia viatu vyetu.

— Kama inajua kujilinda hivyo, ilifikaje hapa Kasongo?

Laboratwari aliinama kufuta viatu vyake. Avoka, ambaye ana jibu hata kwa imamu, aligundua kwamba mlango wa duka lake unahitaji kufagiliwa.

Mwanvua hakungoja. Alivua kitenge chake cha juu, akaufunga ule mguu, akamkokota mdogo wake hadi kwenye pikipiki. Djuma alilia waziwazi, mwanamume wa miaka arobaini. Walipoondoka kuelekea hospitali hakugeuka kutuaga.

Mounira alimwaga maji mtaroni, akalisugua beseni kwa majivu. Birika lake lilikuwa bado limejaa. Tulinyoosha vikombe, na hakutumiminia.