Hesabu ya Mwisho ya Mwalimu Cosme Nantimbo, 1958–2013

Ndugu, majirani na wanafunzi mliokuja kumzika, familia imenituma niwasomee maisha ya Mwalimu Cosme Nantimbo, aliyezaliwa Mueda tarehe 14 Machi 1958, akavushwa mto Ruvuma vitani akiwa mtoto, akasoma shule ya msingi Mtwara toka 1966 hadi 1973, akarejea Msumbiji mwaka wa uhuru, akasomea ualimu Pemba, na tarehe 4 Februari 1980 akaanza kufundisha sayansi hapa Mocímboa da Praia, kazi aliyoishika miaka thelathini na miwili.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na Bi. Graça, wakajaliwa watoto wawili, Hélder na Ilda.

Mwezi wa Juni 2012, habari za gesi ya baharini zilipotapakaa, wazee wa kijiji cha Namoto walimwita wamuulize kama dunia, ikishatolewa gesi yote hiyo, haitakuwa nyepesi ikaliponyoka Jua, naye hakuwacheka, aliomba siku mbili akapige hesabu, na humo akagundua kwamba miaka yote alifundisha kosa, kwamba Jua ni sehemu tisa kwa kumi za uzito wote wa Jua na sayari zake, kama alivyonakili chuoni bila kuhakiki. Aliazima mizani ya Assane muuza nafaka, akafungua gunia la mchele la kilo hamsini, akatoa konzi moja, gramu sabini, akamwonyesha mkewe kwamba gunia lililobaki ni Jua, na katika konzi ile zimo sayari zote na miezi yake, zaidi ya nusu ikiwa Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, peke yake, na Dunia, pamoja na bahari, milima na gesi yote, haizidi punje saba. Bi. Graça alimwambia kwamba basi yeye na watoto watakula Jua, mwalimu ale sayari, ila anakiri kwamba mchana ule moto ulizimika jikoni, amekaa anazitazama punje.

Wazee wa Namoto alikwenda kuwatoa hofu, kwamba gesi ile haifiki hata vumbi la punje moja na Jua litaendelea kuishika Dunia, kisha akafungua rejista zake, zenye majina 612 ya waliomaliza mikononi mwake, akaapa kumsahihishia kila mmoja. Alikwenda kwa baiskeli mpaka Nhica do Rovuma, mfukoni ana punje saba, na Mwajuma, mwanafunzi wake wa zamani, sasa muuza dagaa, alipomtania kwamba Jua liwe zito liwe jepesi dagaa wake watakauka tu, alimwekea punje zile kiganjani, Mwajuma akazihesabu moja moja, wateja wakamsubiri.

Januari 2013 figo zilianza kumsumbua, daktari akamkataza safari, akawa anawaita wanafunzi wake wa zamani nyumbani, na alipofariki kitandani mwake tarehe 9 Novemba 2013, saa kumi alasiri, alikuwa amefikia watu 571.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani waliompokea kila alikokwenda.

Arobaini na mmoja waliobaki, tunajua wengine mmeketi hapa, na alituachia karatasi yenu, nayo inasema, “Nilikosea. Jua si sehemu tisa kwa kumi, ni karibu zote. Naomba mfute nilichowaandikia.”

Mwalimu, wamesikia. Pumzika kwa amani.