Neno Lililomwita Fundi Suruali

Kijiweni kwetu, chini ya dirisha la kinyozi, benchi ni moja na wenye akili ni wengi mno. Leo asubuhi Fundi Suruali, mshonaji wa kiwanda cha sare, alitufikia amenywea, barua mkononi. Ilikuwa ya Kizungu, na tuliielewa yote kasoro neno moja: *foment*. Kesho saa mbili aende akajieleze, na aje na mtu mmoja wa kumsemea. Akishindwa, kazi hana.

— Kwani ulifanya nini? — nikamuuliza.

— Nilisema yale yale tuliyoongea hapa: madirisha yafunguliwe. Wenzangu wanazimia kwa joto!

Kinyozi akatoa kichwa dirishani.

— Hilo neno ni la sabuni. Maana yake kutoa povu. Uliongea mpaka ukatoka povu, Fundi.

— Wapi! — akadakia Dereva Mstaafu. — Fomenti alikuwa jenerali. Akipita mahali, nyuma ni majivu matupu.

— We ulimjulia wapi?

— Nilikuwa namwendesha.

Mama Kahawa alicheka nusura amwage birika. Ndipo Kamusi, msahihishaji wa zamani wa gazeti, akafungua kitabu chake kilichochakaa.

— Ni kuchochea fujo. Ila hapo kale lilikuwa neno la tiba: kukanda panapouma kwa kitambaa cha moto.

— Basi Fundi amewatibu watu! — Kinyozi akapiga kofi. — Apewe cheti! Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo nayo imeingiaje?

— Imeshaingia, tulia.

Tukaangua kicheko, hata Fundi mwenyewe. Bado tunacheka, mkewe akatokea na shati lililopigwa pasi.

— Shemeji zangu, eti ya madirisha mlimshauri ninyi, hapa hapa?

— Tena kwa sauti moja! — Kinyozi akajigamba.

— Ahsanteni. Basi kesho nani anakwenda naye?

Loo! Kinyozi akakumbuka ana kichwa cha mtu ndani. Dereva akaanza kufunga kamba za viatu, naye kavaa ndala. Kamusi akajificha nyuma ya herufi F. Mimi, kwa aibu, nikanyoosha kikombe niongezewe.

— Huyu hapa! — Mama Kahawa akapaza sauti. — Kanyoosha mkono!

Fundi akanikumbatia, machozi yanamlengalenga. Nikaweka kikombe chini.

— Kamusi, — nikasema, — hebu niazime hicho kitabu.