Viateur wa Kwenye Fromaji

Mukundwa alipakata kikapu chake cha fromaji, jibini za kupeleka butiki, ndani ya jeep iendayo Kalembe, na kwa vile hakuna aliyemsemesha, akatega sikio. Mbele yake mama mmoja alikuwa anasoma kitabu cha magonjwa ya ng'ombe.

"Ngombe yangu iko inakohoa, njo maana nasoma," alimwambia mzee aliyekaa naye. "Na weye Papa, uko unasoma nini?"

"Roman moya, kitabu ya hadisi," mzee akajibu. "Kila juma nanunuaka fromaji ku butiki, inafungwaka na paji mbili zenye kuchanwa mu ile roman. Kwanza balizika Viateur, njo muntu wa ile hadisi. Juma yenye ilifuata, Viateur akaoa."

"Muntu akufe, kisha aoe?"

"Alifufuka, mama. Tangu pale sijakosa misa hata moya."

Mama akasema wafu hawaoi. Mzee akasema hata yeye zamani alidhani hivyo.

Mukundwa akatazama kikapu chake. Kitabu kile alikuwa anakichana yeye mwenyewe ili kufungia fromaji, na alianzia nyuma, kwa kuwa jalada la nyuma ndilo lililong'oka kwanza. Akafungua kinywa aseme, lakini jeep ikasimama mbele ya butiki, na mzee akawa tayari ameshuka, anamuuliza mwenye butiki kama fromaji imefika.

"Iko inakuja," Mukundwa akaitikia kwa sauti ndogo, akishuka na kikapu.

Katika fromaji za leo, Viateur alikuwa anaanza shule.